Nani Alimuuliza Mgonjwa? Kauli ya Mwenye Maradhi ya Akili Katika Fiqhi na Katika Historia ya Nyanda za Juu Kusini

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa akili na Mwenye kuirejesha inapopotea. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, imamu yeyote aliyeswalisha kwa miaka kadhaa Mbeya au Iringa anaijua hali hii. Swala ya Isha imekwisha, watu wanatoka, na mlangoni wamesimama baba, ami na kaka wawili wamemshika kijana mikono. Baba anaeleza kuwa kijana halali usiku, anazungumza peke yake na amevunja vyombo. Ami anaongeza kuwa ni majini ya upande wa mamake. Kaka anasema walishampeleka hospitali, akapewa vidonge, hakuvinywa. Imamu anauliza maswali, na kila swali linajibiwa na mtu asiyeumwa. Kijana yupo pale pale, anasikia, na pengine usiku huo akili imemtulia kiasi cha kujibu. Haulizwi. Kisha inakatwa shauri: asomewe, au apelekwe Mirembe, au afungwe nyumbani mpaka mavuno yaishe.

Makala hii inalifuatilia swali hilo ambalo halikuulizwa. Siku hizi wataalamu wa afya wanalizungumza sana, kwamba huduma za maradhi ya akili zipangwe pamoja na wale wanaozitumia, na wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa hilo ni jambo lililokuja na wafadhili. Tutazame kwanza nyumbani kwetu, halafu tutazame namna tulivyolipoteza.

Wanawake wawili na mtu mmoja

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ata bin Abi Rabah kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwonesha mwanamke mmoja mweusi, akamwambia kuwa huyo ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa akishikwa na kifafa na kuanguka, na nguo zikimfunuka. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba dua. Mtume (S.A.W.) alimpa hiari: akitaka asubiri na alipwe Pepo, na akitaka amwombee Allah amponye. Akachagua kusubiri. Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwamo katika hiari aliyopewa: aombewe asifunuke anapoanguka. Akaombewa hilo.

Wengi wetu tumeisoma hadithi hii katika mlango wa subira, na ni mahali pake. Lakini tuitazame pia kwa jicho la anayetafuta namna ya kumhudumia mgonjwa. Mgonjwa alifika mwenyewe na akasikilizwa mwenyewe. Njia mbili ziliwekwa mbele yake zote zikiwa za heri, akachagua, kisha akalitaja lile lililomuumiza zaidi, nalo halikuwa kifafa bali kuvunjiwa sitara mbele ya watu. Nani katika waliokuwa wakimtazama akianguka angeweza kulijua hilo kwa niaba yake?

Hadithi ya pili ni ya Anas (R.A.) katika Sahih Muslim, juu ya mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake. Alimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa ana haja naye. Mtume (S.A.W.) akamwita kwa jina la heshima la mama, kama wanavyoitwa wanawake wenye watoto, akamwambia achague njia yoyote aitakayo ili amtimizie haja yake, akasimama naye kando ya njia mpaka alipomaliza. Hatuambiwi haja ilikuwa nini, na pengine katika kutoambiwa huko mna adabu.

Wa tatu ni Ma'iz (R.A.), aliyekuja kukiri zinaa. Mtume (S.A.W.) alimuuliza yeye mwenyewe kama ana wazimu, na katika riwaya ya Muslim aliwauliza pia jamaa zake kama wanaiona kasoro katika akili yake. Jamaa waliulizwa, lakini swali lilimfikia yeye kwanza, ingawa jambo lililokuwa likitafutwa lilikuwa uzima wa akili yake.

Kauli inarudi pamoja na akili

Sasa atasema msemaji: je, kalamu haikuinuliwa kwa mwendawazimu? Imeinuliwa, naye ni mmoja wa watatu waliotajwa katika hadithi mashuhuri pamoja na aliyelala na mtoto mdogo. Ali (R.A.) alimkumbusha hadithi hiyo Amirul-Muuminina Umar (R.A.) pale alipoletwa mwanamke mwendawazimu aliyehukumiwa, na Umar akamwachia. Lakini kuinuliwa kalamu ni kuondolewa lawama na adhabu. Si kufutwa utu, na si hukumu ya kudumu.

Wanazuoni wa Kishafi'i, ambao ndio tunaosoma vitabu vyao hapa kwetu, wamelieleza jambo hili katika mlango wa hajri. Wazimu unaondoa uwezo wa mtu kutawala mali na kauli zake kuzingatiwa. Kisha Imam Nawawi katika Minhaj anaongeza kwamba kizuizi hicho kinaondoka akili inaporudi, na washereheshaji wakabainisha kuwa hakihitaji hukumu ya kadhi ili kiondoke. Siku akili iliporudi, kauli imerudi. Wakatenganisha pia wazimu wa kudumu na wazimu wa kuja na kwenda, na mwenye huu wa pili katika saa zake za uzima ni kama mtu mwingine yeyote: anauza, ananunua, anaoa, anashuhudia.

Linganisha hayo na desturi yetu. Mtu aliugua mwaka mmoja, akapona, akarudi shambani kwake Mbozi au Mufindi. Miaka kumi baadaye, akipinga mgawanyo wa shamba la marehemu baba yake, anaambiwa, "Huyu si alikuwa Mirembe?" Kwa Imam Nawawi kizuizi kiliondoka siku aliyopona. Kwa ndugu zake hakiondoki mpaka kaburini.

Na hata kwa yule ambaye kizuizi bado kipo, Surat an-Nisaa, aya ya 5, inapoamrisha mali ya wasioweza kuiendesha iwe mikononi mwa wasimamizi, inaamrisha pia walishwe, wavishwe na wasemeshwe maneno mema. Wafasiri wameyaeleza maneno mema hayo kwa njia mbalimbali. Lakini kusemesha ni kusemesha, na hakutimii kwa kuwasemea.

Komamanga la Ibn Tulun

Tusijidanganye kwamba historia yetu yote ilikuwa kama zile hadithi. Ahmad bin Tulun, amiri wa Misri, alijenga hospitali mjini Fustat katika miaka ya 870, na mwanahistoria al-Maqrizi ameeleza kuwa alikuwa akiitembelea kila Ijumaa, akikagua dawa na kuwaangalia wagonjwa. Siku moja alifika kwa wendawazimu. Mmoja wao, akiwa amefungwa pingu, alimwita akamwomba amsikilize, akasema kuwa yeye si mwendawazimu bali amefanyiwa hila, na kwamba anatamani komamanga. Amiri akaagiza aletewe. Yule mtu akalifurahia, akalipima mkononi, kisha akamrushia amiri kifuani, likampasukia juu ya nguo. Ibn Tulun akaamuru alindwe vizuri, na tangu siku hiyo hakurudi tena hospitalini.

Kisa hiki husimuliwa kwa kucheka. Mimi kila nikikisoma namfikiria yule mtu baada ya amiri kuondoka. Alisema mambo mawili. Lile la komamanga lilijibiwa saa ile ile. Lile la hila, ambalo lilikuwa dai la kisheria na lilihitaji kuchunguzwa, al-Maqrizi hasimulii kuwa lilichunguzwa. Huenda alikuwa mgonjwa kweli, na huenda hakuwa. Wagonjwa wengine nao walipoteza ukaguzi wa Ijumaa kwa sababu ya nguo za mtu mmoja kuchafuka.

Hospitali zilizofuata zilikuwa kubwa zaidi: ya Nuruddin mjini Damascus (1154) na ya Sultan Qalawun mjini Cairo (1284), zilizoendeshwa kwa mali ya wakfu, na mgonjwa akitibiwa bila malipo. Ni fahari ya Umma. Hata hivyo msafiri Ibn Jubayr, aliyefika Damascus mwaka 1184, aliandika katika kuisifu hospitali ile kuwa wendawazimu nao wana matibabu yao, nao wamefungwa minyororo.

Aliyekaribia zaidi kumpa mgonjwa nafasi katika tiba yake hakuwa mtawala. Ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), katika kitabu chake cha maslahi ya miili na nafsi. Yeye aliona kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba tiba yake iko ya aina mbili: ile itokayo nje, kwa maneno ya mtu mwingine, na ile itokayo ndani, kwa fikra ambazo mtu mwenyewe amejiandalia wakati wa uzima ili azitumie shida itakapomjia, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Kwa al-Balkhi, basi, mwenye nafsi ana elimu juu ya nafsi yake ambayo tabibu hanayo.

Njia ya Dodoma

Tukija kwetu, Wajerumani waliacha kituo cha wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, kilichoendeshwa na wamisionari tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na kando yake Isanga kwa ajili ya wale waliopelekwa na mahakama kwa makosa ya jinai. Dodoma ilikuwa juu ya reli ya kati, na kwa serikali yenye nchi kubwa na hospitali moja, hilo lilikuwa na maana.

Nyanda za Juu Kusini hazikuwa na reli. TAZARA ilipita Mbeya katikati ya miaka ya 1970 tu. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Iringa hadi Dodoma zaidi ya 250, njia ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi. Mbeya yenyewe ilikuwa mji mpya uliokua na dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930, umejaa vibarua waliotoka mbali. Kibarua aliyeugua akili pale hakuwa na baba wala ami wa kumsemea. Alisemewa na polisi, daktari na hakimu, kwa utaratibu wa sheria ya magonjwa ya akili ambayo baadaye ilijulikana kuwa Sura ya 98. Waislamu wa nyanda hizi, wachache na waliotawanyika, hawakuwa na kadhi wala wakfu wa kushughulika na jambo kama hilo. Mgonjwa alipopanda lori, lugha yake ilibaki nyuma. Mhehe, Mnyakyusa, Msafwa na Mbena walihojiwa kwa Kiswahili kama walikijua, na kama hawakukijua, Allah ndiye Mjuzi wa kilichoandikwa.

Katika zama hizo hizo daktari J. C. Carothers, aliyekuwa akiongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 juu ya akili ya Mwafrika, na ndani yake akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mtu mwenye rai hiyo hawezi kufikiria kumuuliza mgonjwa wake lolote. Amekwisha kujijibu.

Aliyekwenda kuuliza Iringa

Wakati Tanganyika inapata uhuru, mwaka 1961 na 1962, mtafiti wa Kimarekani Robert Edgerton alikaa miongoni mwa makabila manne ya Afrika Mashariki, yakiwemo Wahehe wa Iringa, na akafanya jambo jepesi: aliuliza watu. Mwendawazimu ni nani? Anafanya nini? Huwa mwendawazimu kwa sababu gani, na anapona? Matokeo aliyatangaza mwaka 1966. Wahehe, pamoja na Wakamba wa Kenya, walikuwa na matumaini zaidi kuwa mgonjwa hupona kuliko Wapokoti na Wasebei. Na katika makabila yote manne, alama iliyotajwa sana ya wazimu ilikuwa mtu kutembea uchi.

Turudi kwa mwanamke wa Ibn Abbas. Kitu ambacho watazamaji wanakihesabu kuwa ni dalili ya wazimu ndicho alichokuja nacho yeye kwa Mtume (S.A.W.) kama malalamiko. Edgerton, pamoja na kazi yake nzuri, aliwauliza watu wa Iringa juu ya wendawazimu. Wendawazimu wenyewe hawakuwa wanaoulizwa.

Mwaka 1971 aliandika pia juu ya tabibu mmoja wa Kihehe aliyemwita Abedi, aliyewatibu watu wa aina hiyo kwa miti shamba huku akiamini kuwa uchawi nao ni katika sababu. Hatuyataji haya kuusifu uganga, na hukumu ya ramli inajulikana. Tunayataja kwa sababu mgonjwa wa Abedi alikuwa akitibiwa karibu na kwao, kwa lugha yake, na aliweza kusema kuwa dawa imemdhuru. Aliyeko kilomita mia tano mbali anamwambia nani?

Walipoanza kusema wenyewe

Serikali iliyofuata iliutambua umbali huo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vikaanzishwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti nje ya Dar es Salaam, ambako mgonjwa aliishi na kulima karibu na wanakijiji. Nigeria ilikuwa imetangulia kwa kazi ya Dk. Lambo huko Aro mwaka 1954. Mwaka 1978 Azimio la Alma-Ata likatamka kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ukajaribiwa Morogoro na Kilimanjaro, na huduma zikasogezwa hatua kwa hatua kwenye hospitali za mikoa.

Lakini kumsogezea mtu huduma si kumuuliza. Hilo walilidai wenyewe. Uganda, watu waliowahi kuugua waliunda chama chao mwaka 1997. Mwaka 2005 vyama vya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali za Afrika vilikutana Kampala na kuunda mtandao wao. Tanzania nako kikaundwa chama kinachojulikana kwa kifupi TUSPO. Sheria ya zamani ikabadilishwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na mwaka 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha nne kinazitaka serikali zishauriane na watu hao wenyewe, kupitia vyama vyao, katika maamuzi yanayowahusu. Hospitali ya Butabika, Kampala, katika miaka ya 2010 iliwaandaa waliowahi kuugua kuwa wasaidizi wa wagonjwa wenzao.

Mambo hayo yamechelewa kufika vijijini kwetu. Na mlango wa kwanza wa mgonjwa wa Kiislamu kijijini si chama wala hospitali. Ni ule mlango wa msikiti tuliouanzia.

Yanayojulikana na mgonjwa peke yake

Nichukue mfano wa Ramadhani. Mgonjwa anayetumia vidonge vya kutuliza akili, au sindano ya kila mwezi, anaweza kuwa na kiu kali, usingizi mzito, mikono kutetemeka. Familia inaona kijana mvivu asiyeamka kula daku. Imamu anaona asiyefika Fajr. Daktari anaona mtu aliyetulia, na kutulia kwake anakuandika kuwa ni nafuu. Anayejua kuwa kidonge cha usiku ndicho kinachomfanya asisikie adhana ni mmoja tu. Asipoulizwa, atafanya analoliweza, nalo ni kukiacha kidonge kimya kimya, na katikati ya mwezi mtukufu tunamwona tena mlangoni ameshikwa mikono. Angeulizwa mwezi wa Shaaban, pengine daktari angebadilisha saa ya dawa, au imamu angembainishia ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa, au kutoa fidia ikiwa maradhi yake hayatarajiwi kupona.

Na fiqhi haimzuii mgonjwa kuwa shahidi wa mwili wake. Mahanafi wametaja waziwazi kuwa dhara inayomruhusu mtu kula hujulikana kwa dalili, kwa uzoefu wake mwenyewe, au kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Kwetu Mashafi'i kuna mazungumzo juu ya kutegemea uzoefu peke yake, lakini hapana anayesema kuwa mgonjwa asisikilizwe.

Kadhalika katika kisomo. Kusomewa Qur'an ni jambo lililothibiti. Kumfunga mtu, kumpiga, kumfukizia moshi mpaka akohoe damu ati jini anatoka, hayo hayakuthibiti, na waliopita humo ndio mashahidi wa kwanza wa yanayotendeka. Kamati ya msikiti inapotenga fedha za zaka kwa nauli ya kwenda kliniki, ni nani ajuaye kama tatizo ni nauli, au ni aibu ya kuonekana kwenye foleni ile, au ni kazi ya kibarua atakayoikosa siku hiyo? Wako watu katika safu zetu waliowahi kwenda na kurudi. Sijaona kamati yoyote iliyomweka mmoja wao katika mazungumzo hayo kwa sababu hiyo. Wanaalikwa kuombewa dua.

Inabaki mas'ala moja ngumu. Mtu akiwa mzima anaweza kusema: nikiugua tena, msinifunge, nipelekeni hospitali fulani, na fulani asimamie duka langu. Je, maneno hayo yanamfunga walii? Kwa madhehebu ya Shafi'i, uwakala huvunjika aliyeutoa anapopatwa na wazimu, kwa hiyo yule "fulani" hawezi kushikilia duka kwa uwakala ule. Lakini walii, awe baba, babu, au aliyewekwa na mwenye mamlaka, hana ruhusa ya kutenda ila kwa maslahi ya mgonjwa. Na maneno aliyoyasema akiwa na akili zake ni katika dalili zenye nguvu za kuyajua maslahi hayo. Akiyapuuza bila sababu, ameyatafuta maslahi mahali pasipokuwa pake. Kwa mwenye wazimu wa kudumu ambaye hakuwahi kusema neno la namna hiyo, wanarudi jamaa, kila mmoja na kauli yake na kila mmoja na haja yake katika shamba lile lile, na hapo imamu asiwachukulie kuwa ni sauti moja.

Ama yule mwanamke, Bukhari ameongeza kutoka kwa Ata kwamba alimwona. Alikuwa akiitwa Ummu Zufar, mwanamke mrefu, mweusi, yuko kwenye pazia la Al-Kaaba.

Wallahu a'lam.